Mafuta Kwenye Spineti ya Mwalimu Naomi

Mmeniomba niwaandikie kuhusu safari yangu ya kazi. Sikusafiri popote. Nilikaa Nakuru, kwenye karakana hiyohiyo mnayoifagia sasa, nikikaza nyuzi za vinanda vya watu wasiojua kwamba nyuzi hulegea. Kama mnataka kusikia nilivyopanda vyeo, baada ya Kartar, aliyenifunza kazi, kufa hakubaki mtu wa kunipandisha, kwa hiyo nilijipandisha mwenyewe nikaendelea na kazi. Nitaandika yatakayowafaa. Yale mengine mtayavumilia, kama nilivyowavumilia nyinyi.

Nilifika kwa Kartar Singh nikitafuta kazi ya useremala. Baba yangu alikuwa mpakiaji wa mizigo pale reli. Alitoka Vihiga akiwa kijana akazeekea Nakuru, na alichotaka ni mwanawe apate kazi ya chini ya paa. Kartar alitengeneza harmoniamu za Wahindi na Masingasinga wa mjini, vile vinanda vya kukalia chini, mkono mmoja kwenye vibao na mwingine kwenye mvukuto. Alitengeneza pia piano za shule na makanisa. Hakuniuliza kama najua kupima mbao. Alinigeuza nikatazama ukuta, akaangusha kitu nyuma yangu.

"Hiyo ni skrubu ama ni msumari?"

"Msumari."

"Haya, kuja kesho. Na usikuje na hiyo viatu, inapiga kelele."

Siku ya kwanza nilitoa panya ndani ya piano ya shule moja ya bweni. Sisemi panya mmoja, nasema ukoo mzima. Walikuwa wamekula sufu yote ya zile nyundo ndogo zinazopiga nyuzi, wakatandika vitanda, wakaweka akiba ya mahindi, na kijiko cha mtu. Mwalimu mkuu alikuwa ametuambia kwamba piano "imepoteza utamu kidogo." Kartar alimtazama, akatazama panya, akaniambia nilete ufagio.

Kuanzia hapo nilijifunza kwamba binadamu akiona piano huona meza. Juu yake ataweka vikombe vya ushindi, maua, thermos ya chai, picha ya marehemu. Ataiweka dirishani ijue jua la mchana na baridi ya usiku, kisha atashangaa inapopasuka. Kuna kanisa moja waliipaka yao rangi ya mafuta, ndani na nje, nyuzi pamoja, wakaniita kwa sababu imekataa kuimba. Niliwaambia hata mimi mkinipaka rangi mdomoni nitakataa. Walicheka, wakaninunulia soda. Hawakuelewa kwamba nilikuwa sitanii.

Halafu vikaja vinanda vya umeme. Kijana anabonyeza kidole kimoja na mashine inampigia ngoma, gitaa na tarumbeta, naye anafumba macho kana kwamba yeye ndiye anayefanya kazi. Na baada ya hao wakaja mafundi wa simu. Mtu anaingia chooni na video ya kutengeneza piano, akitoka ni fundi. Nusu ya kazi yangu ya miaka ya mwisho ilikuwa kurekebisha marekebisho yao. Nawaambia haya msije mkadhani nilistaafu kwa kuchoka mwili.

Lakini kazi ninayotaka muijue ni ya Njoro, kwa Mwalimu Naomi.

Mwalimu alikuwa akifundisha muziki shuleni. Nilikuwa bado mgeni kwa Kartar alipotuita kwenda kutazama kitu alichokinunua kwenye mnada wa shamba, Mzungu mmoja alipokuwa akifungasha kurudi kwao. Watu walikuwa wamegombania trekta na mitungi ya maziwa. Hiki hakuna aliyekitaka. Dalali alikiuza kama meza ya kuandikia yenye kasoro. Tulipofika tukakuta kiboksi cha miguu minne chenye umbo la paja la mbuzi, pana upande mmoja na jembamba upande mwingine, na vibao vya kubonyeza mbele.

Kartar aliinama akachungulia ndani. "Hii ni spineti," akasema. "Hii ni nyanya ya piano."

Na kwa sababu mtakutana nayo, eleweni. Spineti haina nyundo. Ukibonyeza kibao, nyuma yake kijiti chembamba cha mbao kinapanda, na ubavuni mwa kijiti kuna kipande cha unyoya kilichochongwa kama ukucha. Ukucha unaudonoa uzi, uzi unalia, kijiti kinaanguka mahali pake. Basi. Kama kijiti hakipandi na kuanguka kwa uhuru, huna kinanda, una kabati. Sauti yake ni ndogo. Mtu akisonga ugali jikoni anaifunika.

Kucha zile zilikuwa zimekufa zote. Kartar alinifunza kuzichonga upya, na hiyo ndiyo kazi ninayojivunia kuliko zote. Unyoya unatoka kwa kunguru, yule mkubwa mwenye doa jeupe shingoni anayezunguka miamba ya Menengai. Huo una nguvu na unajua kurudi ukipindwa. Watu wema wamenishauri maisha yangu yote nitumie wa flamingo, kwa kuwa Nakuru tuna ziwa. Unyoya wa flamingo ni mzuri kwa kofia. Unachonga kwa kisu kidogo, unapunguza chini, kamwe si juu, unasikiliza, unapunguza tena. Ukikata kidogo tu kupita kiasi umeharibu. Kartar alikuwa akinirudisha mwanzo bila kunitazama. "Hii inakwaruza." "Hii inalala." "Hii nani amekata, wewe ama ng'ombe?" Alinidharau mpaka nikajua kazi. Alipokufa nililia kuliko nilivyomlilia baba yangu, na sioni haya kusema.

Baada yake nikawa naenda Njoro peke yangu. Mwalimu Naomi hakuwa mpigaji wa kutisha, na nilimwambia. Naye aliniambia kwamba hakuniita nitoe maksi. Alipiga tenzi za kanisani, na vile vijidansi vya kizungu vya zamani, kila jioni, mumewe akisoma gazeti pembeni. Mume akafariki, watoto wakaenda zao, yeye akabaki na ng'ombe wawili na mama jirani wa kumkamulia. Spineti ikabaki. Katika nyumba zote nilizoingia na mfuko wangu wa vyuma, pale tu ndipo sikukuta thermos juu ya kinanda.

Kisha vidole vyake vikaanza kuvimba kwenye viungo. Na mara akaanza kuniambia sauti imefifia. "Fundi, mbona imekuwa ya chini? Iongeze." Nikachonga kucha nene zaidi. Ukucha mnene unalia kwa nguvu, lakini kibao kinakuwa kizito. Mwezi uliofuata analia vidole vinamuuma. Nikazipunguza. Sasa hasikii. Nilikasirika, nikamwambia spineti si redio. Akaniuliza nimesema nini.

Siku moja nikafika nikamkuta akipiga, mgongo mlangoni. Nikabisha hodi. Nikaingia, nikakohoa, nikaburuta kiti, nikaangusha ufunguo wa kukazia nyuzi kwenye saruji. Hakugeuka. Alipiga mpaka mwisho, akafunika, akasimama, ndipo akaniona.

"Umekuwa hapo tangu saa ngapi?"

Akatazama ufunguo sakafuni, akaelewa.

"Fundi, usimwambie Ezra."

Ezra ndiye kifungua mimba wake, anafanya kazi Nairobi, na ni shemasi katika kanisa moja la hukohuko, mtaa wa Bahati. Si mtu mbaya. Ni mtu wa kupanga mambo, na watu wa kupanga mambo wana madhara yao. Alikuwa amesema wazi mbele ya familia kwamba siku mama atakapoacha kusikia hatamwacha peke yake na ng'ombe na geti lisilosikika likigongwa. Atamhamishia kwake.

"Ataniweka kwa flat, floor ya nne," Mwalimu akasema. "Nikae nikiangalia nguo za majirani kwa kamba. Na hii ataiuza kwa ile hoteli ya Naivasha."

Hoteli hiyo naijua. Meneja wake alishanipigia simu kuuliza kama tumbo la spineti linaweza kuingia chupa za mvinyo. Nilimjibu kwamba hata tumbo lake linaingia, na hatujalitoboa.

Kwa hiyo nilinyamaza. Ezra alikuwa akinipigia simu mara kwa mara.

"Mzee, wewe ndio unamuona kila mwezi. Anasikia poa?"

"Anasikia anachotaka kusikia."

"Huyo ni mum kabisa," anasema, anacheka, anakata.

Sasa njooni kwenye mafuta.

Ezra aliandaa ibada ya shukrani, mama yake alikuwa ametimiza umri mkubwa. Mwalimu akasema atapiga wimbo mmoja mbele ya watu. Nilipinga. Nilimwambia kwa midomo yangu mbele ya macho yake, polepole, kwamba ni hatari. Akasema amepiga wimbo huo tangu akiwa msichana na vidole vinajua njia. Ilikuwa kweli, hata akiwa hasikii kitu hakuwa akipotea. Akipiga mbele yao bila kukosea, Ezra atatulia mwaka mwingine. Basi Alhamisi nikaenda nikakaza kila uzi, nikaziweka kucha sawa, nikaiacha spineti ikiwa katika hali yake bora tangu siku za Kartar.

Jumamosi kanisa la Ezra likafika mapema kufunga mahema na kuliombea boma. Mnajua desturi yao: kila kitu kinachotumika kinapakwa mafuta. Wakapaka miimo ya milango, zizi la ng'ombe, tangi la maji, pikapu ya Ezra. Walipofika kwa spineti, chupa ya mafuta ya zeituni ilikuwa imeishia kwenye pikapu. Mama mmoja wa jikoni akapata wazo. Akachukua mafuta ya kupikia, yale meupe ya mkebe, akayeyusha sufuria nzima, yakaombewa. Na kwa kuwa walimpenda Mwalimu, hawakupaka kidole tu. Walifunua kifuniko wakamimina kwenye matundu ya vijiti, ili baraka ifike ndani.

Haya niliyajua Jumapili, wimbo ulipokwisha, kutoka kwa kijana mmoja wa kwaya, mwenye furaha tele.

"Mzee, hiyo kitu tuliiombea fiti. Tuliijaza. Halafu tukabonyeza zote moja moja, tukaona imeingia poa."

Walibonyeza zote moja moja. Kila kijiti kikapanda, kikanata kwenye mafuta yaliyokuwa yakipoa, hakikushuka. Halafu usiku ukaingia, na Njoro si Mombasa. Yeyote aliyewahi kuacha sufuria ya nyama mezani huku anajua anachokikuta asubuhi. Mafuta yakaganda, vijiti vikabaki vimesimama juu, kucha zimeshazipita nyuzi, vimeshikwa kama miti kwenye saruji.

Jumapili sebule ilijaa, na waliokosa nafasi wakasimama madirishani. Nilikuwa mlango wa jikoni, unaotazama ubavu wa spineti, nimevaa suti ya mazishi, nikingoja ibada iishe nile. Mwalimu akaketi akiwapa watu mgongo. Akanyoosha vidole. Akaanza.

Hakukutoka kitu. Kilichosikika ni mbao tu, tak, tak, tak, tak. Nikadhani nimekuwa kiziwi mimi. Yeye akaendelea, kichwa kikiyumba kidogo, mkono wa kushoto ukitembea vizuri kuliko nilivyowahi kuuona. Watu wakaanza kutazamana. Mtoto mmoja akacheka, akafinywa. Nikamtazama Ezra. Alikuwa amesimama kando ya mama yake akimtazama usoni, na uso ule wa mama ulikuwa umejaa raha, na nikaona Ezra anaelewa.

Mimi huondoka makanisani kabla watu hawajaanza kuimba. Nimelinganisha sauti maisha yangu yote, na mkusanyiko wa waumini ni adhabu kwa mtu kama mimi. Sauti yangu mwenyewe ni mbaya. Siku ile niliuanzisha wimbo. Nilitazama vidole vyake nikajua amefika wapi, nikaudaka hapo katikati ya ubeti, kwa nguvu, peke yangu, sauti ikipasuka. Mama mmoja wa dirishani akanipokea. Kisha wa jikoni. Kisha wote, mahema na sebule, wakaimba kila mtu kwa sauti yake, vibaya sana, na ile tak tak ikafunikwa. Nilikuwa nikilia kwa hasira na huruma, sijui ipi ilitangulia. Alipoinua mikono nikanyoosha wangu, wakanyamaza.

Mwalimu akageuka. Watu walikuwa wakipiga makofi, wengine wanajifuta macho.

"Fundi!" akasema, sauti juu. "Leo imekuwa nyepesi! Haijaniuma hata kidole moja!"

Ezra alinikamata kando ya tangi la maji.

"Hasikii, si ndio?"

"Hasikii."

"Tangu lini?"

"Siku nyingi."

"Na ulikuwa unajua, mzee. Nikikuuliza unanichezea."

"Alinikataza."

"Na hiyo kinanda mbona imekufa?"

Nikampeleka ndani watu walipokuwa wakila. Nikafunua, nikamwonyesha mafuta meupe kati ya vijiti. Akayagusa, akanusa kidole. Akakaa kwenye kiti cha mama yake.

"Ni sisi," akasema.

"Ndiyo, ni nyinyi." Sikuona sababu ya kumpunguzia.

Akatazama nje, mahali mama yake alipokuwa akiwagawia wageni keki mwenyewe, akiwasoma midomo na kucheka panapofaa. "Nilikuwa nimeamua kumbeba leo," akasema. "Leo hii. Lakini sijawahi kumuona hivyo tangu dad aende." Akafuta kile kidole cha mafuta kwenye suruali. "Nitamtafutia mtu wa kuishi hapa na yeye. Wewe itengeneze. Hata ikichukua mwaka, itengeneze ilie vile ilikuwa."

Niliibeba ikaja mjini. Mlikuwepo, mliona karakana ikinuka kama jiko la harusi. Kila kijiti nilikitoa, nikakiosha kwa spiriti, nikakisugua, nikakikausha kivulini mbali na moto, maana mbao ikikaushwa kwa haraka inapinda. Kucha zote zilikuwa zimelegea, nikachonga mpya, unyoya baada ya unyoya. Mlidhani nilikuwa nikinung'unika kwa sababu ya uzee. Nilikuwa nikiwalaani waumini, mmoja mmoja. Lakini ilipokwisha ililia kama maji, na nikajua sitafanya kazi nzuri kuliko hiyo, ndiyo maana nikaamua kustaafu nayo.

Nikairudisha Njoro. Mwalimu akaketi, akapiga mstari mmoja. Akasimama. Akapakata mikono, akavisugua viungo vya vidole.

"Fundi, umefanya nini? Imekuwa ngumu tena."

Nilijua. Ili mtu aisikie lazima iwe na uzito. Nikapiga magoti anione mdomo.

"Hivi ndivyo inavyotakiwa kuwa, Mwalimu."

"Ile siku ya watu ilikuwa nyepesi. Irudishe vile."

"Ile siku ilikuwa imeharibika. Haikulia."

Akanitazama mdomo. "Sema tena."

"Haikulia. Walimwaga mafuta, yakaganda. Ulipiga, haikutoa sauti. Watu waliimba wenyewe."

"Hata kidogo? Haikulia hata kidogo?"

"Hata kidogo, Mwalimu."

Akageuza uso dirishani. Nikaona nimeua kitu, nikaanza kukusanya vyuma vyangu. Kisha akanishika mkono wa koti.

"Mimi niliisikia," akasema. "Wimbo wote. Toa hizo vijiti, Fundi."

Basi nikavitoa. Kazi yangu bora, niliyoiumizia macho wiki hizo zote, nikaichomoa kijiti kwa kijiti, nikavifunga kwa kitambaa nikaviweka chini ya kitanda chake. Nikafunika. Akaketi tena, akapiga, tak, tak, akatabasamu, akapiga mpaka ng'ombe wakaanza kulia kudai kukamuliwa.

Kwa hiyo mkienda Njoro mwisho wa mwezi, acheni mfuko wa vyuma kwenye pikipiki. Msimpime masikio wala msimshauri. Vueni viatu, kaeni pale anapowaona, na msizungumze mpaka amalize. Akigeuka akawauliza kama iko sawa, mwambieni iko sawa.